Uingereza Inarudi Kwenye Kikoa cha Erasmus

Desemba 2025 Uingereza na Umoja wa Ulaya walitangaza kwamba kuanzia 2027 vijana wa Uingereza watarudi kwenye Erasmus+, mpango wa kubadilishana wanafunzi ambao nchi yao iliupa kisogo Desemba 2020. Kila mtu aliisoma habari hiyo kwa miwani yake. Waliopinga Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, waliishangilia kama hatua ya kwanza ya mtoto aliyetoroka kurudi nyumbani. Walioipigania Brexit waliiita usaliti, wakauliza kwa nini kodi ya Mwingereza iende tena Brussels, kwenye makao ya Umoja huo. Huku kwetu, kwenye makundi ya WhatsApp ya wahadhiri na wasaka ufadhili, ikapokelewa kwa bashasha ya aina nyingine: eti skolashipu za Uingereza zimerudi. Naona wote watatu wamekosea, na wamekosea mahali pamoja. Wanadhani jambo lenyewe ni fedha za kumsafirisha mwanafunzi, na kwamba swali lililobaki ni nani analipa na nani ananufaika.

Nauli haikuwa tatizo hata siku moja. Serikali ya Boris Johnson ilipojitoa Erasmus ilitangaza papo hapo mpango wake yenyewe, Turing, uliotengewa pauni milioni 110 kwa mwaka wa kwanza, na vijana wa Uingereza wakaendelea kupanda ndege. Kilichokatika ni ahadi ya kupokeana: wako nampokea bila ada, wangu unampokea bila ada, na alichosoma kwako nakihesabu kama amekisoma kwangu. Kiswahili kinaibeba tofauti hiyo ndani ya kitenzi. Kutuma ni kazi ya mtu mmoja. Kutumiana kunahitaji wawili. Turing ulikuwa mpango wa kutuma. Erasmus ni wa kubadilishana, na kiambishi kile kidogo cha mwisho ndicho kilichoigharimu Uingereza miaka sita. Ndicho pia kitakachoamua kama kurudi kwake kutakuwa na maana kwa mtu yeyote, sisi huku tukiwamo.

Anayebisha na arudi kwenye chanzo. Mwanamke ambaye Waitaliano wamezoea kumwita Mama Erasmus, Sofia Corradi, alikwenda kusoma sheria Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kwa ufadhili wa Fulbright. Fedha alikuwa nazo. Balaa lilimkuta aliporudi Roma mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuomba masomo yake ya Marekani yatambuliwe ili amalize shahada nyumbani. Chuo kikakataa, tena kwa dharau. Corradi alitumia miongo iliyofuata kuwasumbua wakuu wa vyuo na wanasiasa kwa hoja moja tu, kwamba mwanafunzi akienda kusoma kwingine asiadhibiwe akirudi. Mpango ulipoanza rasmi 1987 uliingiza nchi 11, Uingereza ikiwa mojawapo, na mwaka wa kwanza walisafiri wanafunzi 3,244. Mmoja wa maofisa wa Tume ya Ulaya waliousuka alikuwa Hywel Ceri Jones, mtu wa Wales. Kwa hiyo Waingereza hawakukaribishwa kwenye karamu ya wenzao; walikuwa jikoni. Corradi alifariki Oktoba 2025, miezi miwili kabla ya tangazo la kurudi.

Wengi wanaoandika kuhusu Erasmus hawajawahi kuona karatasi yake. Mwanafunzi hasafiri kabla ya kujaza makubaliano ya masomo. Upande mmoja wa jedwali kuna masomo atakayosoma ugenini, kila moja na namba yake na krediti zake, yaani vipimo vya uzito wa somo. Upande wa pili kuna masomo ya nyumbani yatakayofutwa kwa sababu hayo ya ugenini yamechukua nafasi yake. Mwaka mzima ni krediti 60, muhula mmoja 30. Chini zinakaa saini tatu: ya mwanafunzi, ya chuo anakotoka, ya chuo anakokwenda. Nyuma ya karatasi hiyo kuna mkataba wa vyuo viwili unaosema wangapi wataenda, wangapi watakuja, wa idara gani, kwa miaka mingapi. Ruzuku yenyewe ya kila mwezi mara nyingi haitoshi hata kodi ya chumba. Thamani iko kwenye zile saini tatu, na kwenye ile ada ambayo hakuna anayemdai mgeni.

Watu wa pwani wanajua kula kikoa. Leo tunakula kwangu, kesho kwako, keshokutwa kwa fulani, na hakuna anayepima mchele wa mwenzake kwa mizani. Mmoja akisema ameona gharama ni kubwa, kwa hiyo kuanzia sasa atajinunulia chakula chake hotelini, njaa haitamuua. Ila zamu yake ya kula kwa wenzake imekwisha, na wao hawana tena sababu ya kuja kwake. Huyo ndiye Uingereza baada ya 2020. Alikula, pengine alikula vizuri, lakini alikula peke yake.

Kuna upotoshaji wa kwanza ambao ni lazima uondolewe njiani: kwamba Brexit ndiyo iliyoitoa Uingereza Erasmus. Siyo kweli. Norway, Iceland, Liechtenstein, Uturuki, Serbia na Masedonia Kaskazini zote ziko nje ya Umoja wa Ulaya na zote zinashiriki kwa ukamilifu. Mlango ulikuwa wazi. Januari 2020 Johnson mwenyewe aliliambia Bunge kwamba Erasmus haiko hatarini. Tarehe 24 Desemba mwaka uleule akatangaza kuuacha kwa kuwa ni ghali mno. Ulikuwa uamuzi wa bajeti uliovishwa vazi la Brexit. Na kwa sababu ulikuwa wa bajeti, haki yake ni kupimwa kama uamuzi wa bajeti, siyo kama dhambi ya kihistoria.

Tuupime basi. Waliotetea kuondoka walikuwa na hoja tatu, na mbili kati yake zina uzito. Ya kwanza ni kwamba Erasmus ya Uingereza ilikuwa imetekwa na watoto wa wenye nafasi. Aliyekwenda Bologna au Seville kwa mwaka mzima mara nyingi alikuwa mwanafunzi wa lugha, kutoka familia ambayo tayari ilikuwa ikienda likizo Ulaya. Mtoto wa fundi bomba wa Middlesbrough anayesomea uhandisi hakuwa na habari nayo. Turing uliwalenga hao kwa makusudi: uliwaongezea posho wanafunzi wa familia duni, ukawalipia nauli, pasipoti na viza, na ukaruhusu safari fupi za wiki 4 kwa mtu ambaye hawezi kuacha kibarua chake au mama mgonjwa kwa mwaka mzima. Hoja ya pili ni jiografia. Turing ulifungua dunia nzima, na vijana walikwenda Japani, Kanada, Australia, Marekani, hata Afrika Mashariki. Mtu anayedai Turing ulishindwa kila kitu hajamwuliza kijana aliyepanda ndege kwa mara ya kwanza maishani kwa fedha za mpango huo. Hapa watetezi wa Erasmus huwa wanapita haraka, na si haki.

Hoja ya tatu ndiyo dhaifu, na kwa bahati mbaya ndiyo iliyoshinda. Ilisema: tunapokea wengi kuliko tunaopeleka, kwa hiyo tunawasomeshea wageni watoto wao. Takwimu zenyewe hazina ubishi. Mwaka wa masomo 2018/19 Uingereza ilipokea kupitia Erasmus takriban watu 30,000 na kupeleka takriban 18,000. Serikali ikapiga hesabu kwamba katika mzunguko wa miaka 7 ingelipa karibu pauni bilioni 2 zaidi ya itakachorudishiwa. Lakini jiulize kwanza kwa nini Waingereza hawakwenda. Nafasi zilikuwapo, mikataba ilikuwapo. Mwaka 2004 Uingereza iliondoa ulazima wa kusoma lugha ya kigeni kwa wanafunzi wa miaka 14 kwenda juu, na kutoka hapo idadi ya wanaosoma Kijerumani na Kifaransa ikaanguka mwaka hadi mwaka. Nchi iliyoacha kuwafundisha watoto wake lugha za majirani haiwezi kushangaa watoto hao wakiogopa kwenda kwa majirani. Ni sawa na mwanakikoa anayelalamika kwamba wageni wake wanakula sana ilhali yeye kwa wenzake hafiki kwa sababu hajui njia.

Pia hesabu ile iliacha upande mmoja wa daftari. Mgeni anayekaa Sheffield muhula mzima analipa chumba, anapanda basi, ananunua mikate, anaalika wazazi. Shirikisho la vyuo vikuu vya Uingereza, Universities UK, lilikadiria kwamba baada ya kuondoa gharama zote, uchumi wa nchi ulikuwa unabaki na faida ya pauni milioni 243 kwa mwaka. Unaweza kubishana na makadirio hayo, nami sipendi sana makadirio ya mtu mwenye maslahi, lakini huwezi kuyahesabu kuwa sifuri kama Wizara ya Fedha ilivyofanya. Zaidi ya hapo kuna kitu ambacho hakina bei: mwanafunzi Mwingereza wa historia asiyetoka kabisa nchini mwake anakaa darasani na Mpolandi, Mhispania na Mgiriki. Huyo hakupewa hata senti ya Erasmus na bado amekula kikoa. Turing haukuwa na fungu lolote la kumleta mgeni. Darasa la Sheffield likapungukiwa, na hasara hiyo haikuandikwa popote kwa sababu hakuna mstari wa bajeti unaoitwa waliokosekana.

Ushahidi mzuri zaidi wa ninachosema hautoki London. Unatoka kwa wengine waliowahi kutoka Erasmus, kwa hiari au kwa kusukumwa. Februari 2014 Waswisi walipiga kura ya maoni kudhibiti uhamiaji. Serikali yao ikashindwa kutia saini kuwafungulia soko la ajira Wakroatia, wanachama wapya wa Umoja wa Ulaya wakati huo, na Brussels ikawatoa kwenye Erasmus+. Waswisi ni watu wa hesabu. Walipounda mpango wao mbadala, walikubali kuwalipia Waswisi wanaotoka na vilevile kuwalipia wageni wanaoingia. Walilipa pande zote mbili za mezani. Ilionekana upuuzi, nchi iliyofukuzwa kuwagharimia watoto wa waliomfukuza, lakini walielewa kwamba chuo cha Lyon hakitampokea Mswisi bila ada kama hakipati chochote. Mikataba yao mingi ikaishi. Na hata hivyo, baada ya miaka yote hiyo ya kulipia pande mbili, Waswisi nao wamekubaliana na Brussels kurudi 2027, kwa sababu kila mkataba ulilazimika kujadiliwa mmoja mmoja, na kwenye vikao vya kupanga mustakabali wa mpango walikuwa wamesimama nje ya dirisha. Hungaria ilifikwa na la kufanana: mwishoni mwa 2022 Umoja wa Ulaya ulizuia fedha za Erasmus kwa vyuo vilivyowekwa chini ya wakfu zenye mikono ya wanasiasa, na 2024 Budapest ikaanzisha mpango wake uitwao Pannonia. Nchi tatu, sababu tatu tofauti, jibu lilelile la kujipikia.

Ndani ya Uingereza yenyewe kulikuwa na jaribio ambalo wachambuzi wengi wamelipita bila kusimama. Serikali ya Wales ilikataa mantiki ya Turing, na 2022 ikazindua mpango wake kwa pauni milioni 65 za miaka minne. Wakauita Taith, neno la Kiwelshi lenye maana ya safari. Taith ulilipia wanaokwenda na wanaokuja, na uliwahusisha walimu wa shule, vikundi vya vijana na watu wazima, siyo wa vyuo vikuu pekee. Ireland nayo ikaamua kuwagharimia wanafunzi wa Ireland Kaskazini wabaki ndani ya Erasmus kupitia vyuo vya Jamhuri. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa, kijana wa Cardiff huko Wales, wa Belfast huko Ireland Kaskazini na wa Birmingham huko England, wote wenye pasipoti ya aina moja mfukoni, waliishi chini ya falsafa tatu tofauti za kusafiri. Wa Birmingham alikuwa na fedha. Wa Cardiff alikuwa na fedha na mtu wa kumkaribisha.

Fedha za Turing zenyewe zilikuwa na tabia ya kuchelewa. Kila mwaka vyuo viliomba upya, majibu yakaja kiangazi, na wanafunzi walitakiwa kuwa darasani ugenini Septemba. Tathmini ya serikali yenyewe iliyotoka 2024 ilikiri kwamba vyuo vingi vilisumbuliwa na utaratibu wa maombi na kwamba wanafunzi walipata uhakika wa fedha wakiwa wamechelewa. Fikiria nani anaumizwa na hilo. Tajiri atakata tiketi Julai na kusubiri kurudishiwa. Yule wa Middlesbrough, ambaye mpango mzima ulitungwa kwa jina lake, atasubiri barua. Na barua ikichelewa, habahatishi. Kisha fungu likaanza kusinyaa, likafika pauni milioni 78 kwa mwaka 2025/26. Mpango usio na mshirika wa kuudai ni rahisi kuukata. Ukipunguza mchango wa kikoa, wenzako watakuuliza. Ukipunguza bajeti ya hotelini, ni wewe na tumbo lako.

Na kuna kejeli katika majina. Alan Turing, mwanahisabati Mwingereza ambaye mpango ule ulibeba jina lake, alisomea udaktari wake Princeton, Marekani, kati ya 1936 na 1938, mgeni aliyepokelewa. Erasmus wa Rotterdam, mwanazuoni Mholanzi, alifundisha Kigiriki Cambridge miaka ya 1511 hadi 1514, naye mgeni aliyepokelewa, ingawa alilalamika sana kuhusu bia ya huko.

Sasa tugeuke kwa wanaoshangilia, maana nao wamejidanganya. Makubaliano yaliyotangazwa ni ya mwaka mmoja, 2027, ambao ndio wa mwisho katika mzunguko wa sasa wa Erasmus+. Uingereza italipa takriban pauni milioni 570, na hiyo ni baada ya kupewa punguzo la asilimia 30. Mzunguko unaofuata, wa 2028 hadi 2034, Tume ya Ulaya imeupendekezea bajeti inayozidi yuro bilioni 40, kutoka bilioni 26 za sasa, na bei ya kiingilio cha Uingereza humo ni mjadala mwingine kabisa. Wapinzani wanauliza, na swali lao si la kipuuzi: kwa nini tulipe mara saba ya Turing? Jibu la kwamba Erasmus+ inagharimia pia shule, vyuo vya ufundi, vikundi vya vijana na michezo ni sahihi. Lakini ni jibu litakalokuwa na nguvu tu kama shule na vyuo vya ufundi vitaomba fedha hizo. Mchango unalipwa kwa kukadiria ukubwa wa uchumi. Kinachorudi kinategemea nani aliandika maombi mazuri. Miaka sita imepita. Waratibu waliojua kujaza zile fomu wamehamia kazi nyingine, shirika lililokuwa likigawa fedha hizo ndani ya nchi kwa ubia wa British Council lilishafunga jalada, na mikataba ya vyuo imekufa moja baada ya nyingine. Kuna hatari ya kweli kwamba mwaka wa kwanza Uingereza italipa mchango wa mtu mwenye familia kubwa na kupeleka mezani watoto wawili, kisha wapinzani wasimame na takwimu mkononi waseme, tuliwaambia.

Kuna na kosa la kuchanganya Erasmus na wanafunzi wa shahada nzima. Mwaka 2020/21 wanafunzi wapya kutoka Umoja wa Ulaya katika vyuo vya Uingereza walikuwa zaidi ya 66,000. Mwaka uliofuata wakabaki kama 31,000. Takwimu hizo hutajwa kila mara Erasmus inapozungumzwa, na hazihusiani nayo. Hao walikimbizwa na ada: kuanzia 2021 walianza kutozwa bei ya mgeni kama Mtanzania au Mhindi, wakapoteza na mikopo ya serikali. Erasmus ni ya muhula au mwaka ndani ya shahada ya nyumbani. Itakaporudi 2027, binti wa Thessaloniki anayetaka shahada nzima Manchester atakuta bei ileile aliyoiacha.

Viza nazo hazikuguswa. Mwanafunzi wa Ulaya anaweza kusoma Uingereza hadi miezi sita kama mgeni wa kawaida. Akitaka mwaka mzima, viza ya mwanafunzi inapita pauni 500, juu yake ada ya huduma za afya ya pauni 776 kwa mwaka. Akitaka mafunzo ya kazini badala ya darasa, ruhusa ya mgeni kwa kawaida haimtoshi. Upande wa pili Mwingereza anayekwenda Hispania zaidi ya siku 90 anapanga foleni ubalozini. Zamani alipanda treni. Nabashiri kwamba Erasmus ya Uingereza itakayorudi itakuwa Erasmus ya muhula mmoja, kwa sababu muhula ndio unaoingia chini ya dirisha la viza, na wanafunzi wa lugha, ambao mwaka mzima ndio shahada yao, wataendelea kubeba mzigo. Mpango wa vijana unaojadiliwa kando kati ya Uingereza na Umoja wa Ulaya, wa kuishi na kufanya kazi kwa muda maalumu na kwa idadi yenye kikomo, ungeweza kuziba pengo, ila ni meza nyingine.

Nije kwetu, kwa wale wa miwani ya tatu. Erasmus+ ina tawi la kubadilishana krediti na nchi zilizo nje ya Ulaya, lililoanza 2015, na kwa tawi hilo chuo cha Uingereza kiliweza kupata fedha za kuleta mwanafunzi kutoka Afrika na kupeleka wake Afrika. Niliwahi kukaa kwenye dawati la mahusiano ya kimataifa la chuo kimoja cha huku, ambacho sitakitaja, na tulikuwa na mkataba wa namna hiyo na wenzetu wa Uingereza: wetu watatu kwa muhula, wao wawili. Kwa wale watatu tulichambua hadi jedwali la krediti, kwa sababu somo letu la yuniti tatu halikulingana na lao. Mwaka 2021 ikaja barua pepe ya upole: nafasi zilizobaki zitatumika hadi mradi uishe, baada ya hapo mkataba hautaongezwa. Mwaka mmoja na kitu baadaye mratibu yuleyule, mtu mwema kabisa, akaandika kwa furaha kwamba wamepata fedha za Turing na wanataka kutuletea wanafunzi sita. Akauliza kama tutawasamehe ada. Tukamwuliza na wetu. Akajibu kwamba fungu la wanaokuja halipo.

Tulisamehe, kwa kweli, kwa sababu hatukutaka kupoteza uhusiano. Lakini tazama kilichotokea hapo. Chuo chenye mabweni yanayovuja kilikuwa kinatoa ruzuku kwa mpango wa nchi tajiri uliobuniwa ili nchi hiyo isiwalipie wageni. Hii ndiyo sura ya Turing isiyoonekana ukiwa London. Wakisema mpango umefungua dunia nzima, uliza umefunguka kutoka upande gani.

Kurudi kwa Uingereza kunaweza kulifungua tawi hilo tena, lakini si skolashipu zinazodondoka. Mwanafunzi wa Mbeya hawezi kuliomba peke yake. Chuo cha Ulaya ndicho kinachoandika maombi, na kinaandika kwa ajili ya washirika ambao tayari kina mkataba nao. Miito ya Erasmus kwa kawaida hutoka mwishoni mwa mwaka unaotangulia na hufungwa mapema mwaka unaoingia, muda ambao hautoshi kuanza kufahamiana. Chuo chetu kisichokuwa na mtu anayejibu barua pepe za washirika ndani ya wiki kitasoma habari za Erasmus kwenye WhatsApp tu. Na watakaoandika upya mikataba hiyo wana sababu ya kudai kipengele ambacho mkataba wetu haukuwa nacho: kwamba upande mmoja ukipoteza chanzo chake cha fedha, msamaha wa ada unasimama hadi pande zote mbili ziweze kupokeana.

Sisi si wageni wa kuvunja kikoa cha elimu. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilizinduliwa 1963 kwa wazo kwamba Makerere itafundisha udaktari, Nairobi uhandisi, Dar es Salaam sheria, na vijana wa nchi tatu watazungukana. Yoweri Museveni alisoma Dar es Salaam kwa njia hiyo. Hata kabla ya chuo hicho kugawanywa 1970 kila nchi ilikwisha anza kujenga kitivo cha kwake cha kila kitu, kwa hoja ileile ya Wizara ya Fedha ya London: mbona wenzetu wanapata zaidi. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lenye makao Kampala, limekuwa likishona kipande kwa kipande tangu 1980, na 2017 wakuu wa nchi walitangaza eneo moja la elimu ya juu. Mwanafunzi wa Mombasa anayetaka kusoma muhula mmoja tu Zanzibar, krediti zake zikihesabiwa nyumbani bila barua saba, bado ni mtu adimu kuliko Mjerumani wa Erasmus aliyeko Lisbon.

Barua pepe ya kwanza kutoka kwa yule mratibu wa Uingereza, nimesikia, imeshafika kwenye dawati langu la zamani. Anauliza kama ule mkataba wa zamani bado upo kwenye kompyuta ya mtu, ili wabadilishe tarehe tu. Ningekuwa bado niko pale, tarehe ingekuwa kitu cha mwisho kubadilisha.